Migomba Ilipotulia

"Anko, hii ni netiweki?"

Binti wa dada yangu alikuwa amesogea mpaka kidole chake kikakaribia kugusa runinga, pale ambapo uso wa nyanya yangu ulikuwa umegeuka viboksi. Ana miaka tisa. Kwake picha ikiharibika kosa ni la netiweki, na dawa ni kungoja. Nikamwambia hata tukingoja mpaka Krismasi uso huo hautakuja, kwa sababu haumo ndani ya sahani ya DVD. Akanitazama kana kwamba nimemwambia nyanya hakuwahi kuzaliwa.

Juu ya DVD hiyo kuna mwandiko wangu: MAZISHI YA SOKORO, AGOSTI 2007. Sokoro ni babu kwa Ekegusii. Mama anasema ilikuwa Septemba. Sibishani naye. Ninachokumbuka mimi ni upepo, na studio.

Studio ilikuwa hapa Keumbu, kando ya barabara ya Kisii kwenda Keroka, karibu na pale akina mama wanapopanga ndizi wakingoja magari yasimame. Kilikuwa chumba kimoja cha mabati, na pazia la kitenge likificha kompyuta. Ukiingia, harufu tatu zilikupokea kwa pamoja: ndizi zilizoiva kupita kiasi huko nje, vumbi lililopata moto ndani ya mashine, na kalamu ya kuandikia sahani, ile yenye wino mkali unaopanda puani. Mpaka leo nikifungua kalamu ya aina hiyo natafuta kwa macho mnara wa sahani tupu 50 uliokaa kando ya kibodi.

Mwenyewe tulimwita Fundi. Likizo zangu zote za sekondari nilizimalizia kwake. Alipiga video za harusi, mazishi, kwaya za Wasabato, na kila Desemba sherehe za vijana waliotoka jandoni. Stima ikipotea katikati ya kuchoma video kwenye sahani, hiyo sahani imekufa. Zilizokufa tuliwapa wakulima, wakazininginiza katika mashamba ya wimbi kutishia ndege.

Ukutani alikuwa amebandika karatasi ya daftari iliyopakwa mafuta na vidole. Video ya saa moja, megabiti 9 kwa sekunde. Saa mbili, 5. Saa nne, 2 na nusu. Chini yake kwa wino mwekundu: BANA SAUTI KWANZA, kwa sababu sauti isiyobanwa humeza megabiti moja na nusu peke yake. Hesabu nzima ya kazi ile ilikuwa hapo. Kanda ya Mini DV ya saa moja ilijaza takriban gigabaiti 13 kwenye kompyuta, ilhali sahani ilibeba 4.7 tu. "Debe halikui," Fundi aliniambia. "Ukiita watu wengi kwenye debe moja, kila mtu atarudi na kidogo."

Akanifundisha pia nani hula nyingi. Runinga yetu huonyesha picha 25 kila sekunde, lakini DVD haihifadhi zote nzima. Hushika moja, kisha huandika kilichobadilika katika zile zinazofuata, kipande kwa kipande. Mchungaji aliyesimama mbele ya ukuta hagharimu kitu. Mvua hugharimu. Majani ya mgomba kwenye upepo ndiyo balaa, maana kila jani hubadilika wakati wote, na biti zikipungua kompyuta hukipaka kila kiboksi rangi moja na kusonga mbele. Ndiyo maana Fundi alizunguka boma zima kabla ya kusimamisha kamera, akitafuta ukuta. Lakini kaburi la Mgusii liko nyumbani kwake, na nyumbani kwake kuna migomba.

Siku ya mazishi ya babu wasemaji walikuwa wengi kupita kiasi. Madiwani, walimu wakuu, wakwe, wakwe wa wakwe. Fundi alitaka sahani mbili, au wasemaji wapunguzwe. Kamati ikakataa yote mawili: ukimkata huyu atasema amedharauliwa, na sahani mbili kwa nakala 30 ni pesa. Zaidi ya saa nne zikaingia kwenye sahani moja. Mimi ndiye niliyebonyeza. Juu ya kanda zenyewe ilirekodiwa harusi ya Jumapili iliyofuata, kama ilivyokuwa desturi, kwa kuwa kanda zilikuwa ghali.

Nyanya alifariki 2011, na hiyo ndiyo video pekee aliyomo.

Baadaye zikaja flashi, kisha simu, na studio ikawa duka la M-Pesa. Siku hizi kila mtu ana kamera safi kuliko ile ya Fundi, na bado tunarudia kosa lilelile kwa haraka zaidi. Watu wanapiga video ya mama yao akiimba, wanaituma WhatsApp, inabanwa njiani ikabaki kivuli, kisha wanafuta ile halisi ili simu ipate nafasi. Inaniuma. Nimewaambia wa nyumbani mwangu mara nyingi: hamisheni ile ya kwanza kabla ya kufuta. Wananijibu, "Si iko kwa grupu?"

Jioni ile mtoto hakutaka kuondoka. Tukaendelea kutazama diwani mmoja, kisha mwingine, suti zao zikiwa safi mbele ya turubai. Kamera ikarudi kaburini. Nyanya amesimama na leso begani, nyuma yake migomba inapepea, uso wake vigae vya kahawia. Kisha upepo ukakatika. Majani yakatulia, moja baada ya jingine, na biti zilizokuwa zikiliwa kule nyuma zikarudi mbele. Macho yakatokea. Kisha mikunjo ya kando ya mdomo, kisha pengo la meno ya chini.

"Ndiye huyo?" akauliza.

Nikabonyeza pozi kabla upepo haujaanza tena.