Friza na Kumi la Mwisho

Shida zote za jikoni kwetu Makina, Kibera, zilianzia kwa mwezi. Mfungo wa Ramadhani ukifika siku ya ishirini na tisa, redio ilifunguliwa, watu wakamngoja Kadhi Mkuu aseme kama mwezi umeandama. Ukiandama, kesho ni Idd. Usipoandama, mnakamilisha thelathini. Mwanamke mwenye sinia za kupeleka kwa majirani hangeweza kungoja tangazo hilo ndipo akande unga. Kuoka mapema nako kulikuwa na hasara yake: biskuti zikikaa siku nyingi katika nyumba ya mabati hulegea, na sukari ya visheti huanza kutoa maji. Kwa hivyo kazi yote iliangukia kumi la mwisho la mfungo.

Nazungumzia miaka ya 1980, nikiwa msichana. Sisi ni Wanubi. Babu zetu walikuwa askari wa King's African Rifles, wakakaa Kibera ikiwa bado msitu, na nyumba za Makina zilikuwa na ua wa kutosha majiko manne. Hatukuwa na oveni. Mama alitandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, akaweka sahani ya biskuti juu yake, akafunika, kisha akapanga makaa juu ya kifuniko. Moto wa juu ulitakiwa uzidi wa chini, la sivyo biskuti inaungua tumbo na uso unabaki mweupe. Alikuwa akisogeza makaa kwa koleo, moja moja, akiinama kunusa pembeni mwa kifuniko. Pua yake ndiyo iliyokuwa saa. Sahani ikitoka, nyingine inaingia, mpaka daku.

Na hizo ndizo nyakati ambazo Muislamu anautafuta usiku wa Lailatul Qadr. Wanaume walikuwa msikitini, wanawake wako na makaa. Mama aliswali rakaa mbili, akatoka kuangalia sufuria, akarudi kwenye mswala. Usiku mmoja nilimsikia akimwambia jirani, "Dada yangu, mwaka mzima naungoja usiku huu, ukija unanikuta na unga mpaka kwenye viwiko." Maneno hayo sijayasahau.

Friza ya kwanza mtaani kwetu ilinunuliwa kwa ajili ya barafu za watoto, zile za rangi zilizofungwa kwenye karatasi nyembamba za nailoni. Mwenyewe alikuwa Mkristo, rafiki wa mama, na mwezi wa Ramadhani biashara yake ilipungua mchana kwa kuwa watoto wetu wengi walikuwa wanajifunza kufunga. Akamwambia mama alete anachotaka kuhifadhi. Mama alipeleka madonge ya unga wa biskuti mwezi wa Shaaban, mfungo haujaingia.

Hapo tukaanza kujifunza. Unga wenye siagi nyingi unastahimili baridi vizuri sana: unaviringwa, unagandishwa, na siku ya kuoka unakatwa kabla haujalainika. Visheti vinakaangwa, vinapoa kabisa, vinagandishwa vikavu, na shira inapikwa Idd ikikaribia. Ukivigandisha na sukari yake, vikiyeyuka vinalowa. Biskuti iliyokwisha kuokwa usiifungue ikiwa baridi. Iache ndani ya mkebe mpaka ipate joto, ili jasho liishie nje ya mkebe. Kashata za njugu hatuzitii kwenye friza kamwe, mkebe mkavu unazitosha.

Kukatika kwa stima Kibera nako kulitufundisha. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hushikilia baridi kama siku mbili, kwa hivyo tulijaza nafasi tupu kwa chupa za maji. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwaka wa 2017, tulihamia mikebe ya mafuta ya kupikia, na kusema kweli mikebe ni bora, maana biskuti hazivunjiki.

Nilipoolewa Kawangware nilikwenda na ujuzi huo, nikanunua friza yangu. Majirani wengi huko ni Waluhya, na Desemba wanasafiri mashambani nauli ikiwa imepanda maradufu. Wakaanza kuniagiza biskuti za kupelekea wazazi. Naanza kugandisha unga Oktoba, sukari na siagi zikiwa bado kwa bei ya kawaida, na asubuhi ya safari mtu anachukua mkebe wa biskuti zilizookwa jana yake.

Tulipoteza kitu pia, na kiliniuma kuliko nilivyotarajia. Usiku ule wa majiko manne ndio ulionifundisha nani ni shangazi yangu kwa damu na nani kwa ujirani, nani alizaa kwa shida, nani anadaiwa. Nikiwa peke yangu na friza jikoni Kawangware, nilikuwa namaliza kazi saa mbili usiku, nyumba kimya. Lakini nikikumbuka ule unga kwenye viwiko vya mama, siwezi kuomba mambo yarudi vile yalivyokuwa. Miaka yake ya mwisho mama aliswali kumi la mwisho lote, usiku kwa usiku, bila kuinuka kuangalia makaa.

Tulichofanya ni kuhamisha mkusanyiko. Sasa Jumamosi moja ya Shaaban napanda matatu kurudi Makina, dada na mabinamu wanakuja na unga wao, na tunakanda pamoja uani tangu asubuhi. Madonge yanagawanywa kwenye friza tatu za majirani, moja ikizimika zibaki mbili. Wasichana wetu wanauliza maswali yaleyale tuliyokuwa tukiuliza, na mchana huo hakuna aliyefunga, kwa hivyo wanaonja kila kitu.