Viazi au Makala

Sekunde nne tu. Katika filamu yetu fupi mtu anapandisha chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, yenye magunia matatu ya viazi kwenye njia ya mawe meusi, kama hizi zetu za Katoyi, hapa Goma. Sekunde nne ni fremu 96, nami nilizihangaikia wiki tatu.

Nilianza na njia niliyodhani ni ya mkato: mwendo ulionaswa. Mtu huvaa alama kwenye viungo, kamera zikamfuata, kisha kompyuta ikamvisha mhusika mwendo uleule. Ndivyo Andy Serkis alivyomchezea Gollum. Mimi sina kamera hizo, basi nikachukua mwendo uliokwisha kurekodiwa, unaotolewa bure mtandaoni. Ulikuwa safi mno. Nyayo ziliteleza juu ya lava kama zimepakwa sabuni, kwa kuwa aliyerekodiwa alitembea kwenye sakafu tambarare. Goti lake halikuwahi kutafuta pa kukanyaga kati ya mawe ya volkano ya Nyiragongo.

Nikatoka na simu. Papa mmoja anayeshusha mizigo kutoka Kibumba aliniruhusu nimfuate nikimrekodi asubuhi nzima. Nilichora juu ya video ile fremu kwa fremu, mbinu ambayo Max Fleischer aliiombea hataza huko Marekani mwaka 1915. Umbo likatoka sawa. Nilipomwonyesha, papa alitikisa kichwa.

“Huyu habebi viazi. Hii ni makala.”

Gunia la makala, yaani mkaa, hujaza macho, lakini halina uzito wa viazi. Alikuwa ameona kasoro ambayo mimi, mwenye kazi, sikuiona.

“We unaangaliaka mukono tu,” akasema. “Angalia bega.”

Nilirudia video polepole. Penye mlima hapigi goti juu ya ubao. Anashuka na kusukuma. Bega linashuka kwanza. Mkono unanyooka, kisigino cha nyuma kinatafuta jiwe, kiuno kinabaki nyuma. Gurudumu bado limelala. Zinapita fremu tano ndipo linaanza kuviringika, tena kwa uvivu. Mimi, katika kusafisha mistari iliyotetemeka, nilikuwa nimelifanya gurudumu liondoke pamoja na mkono. Nilinakili ukingo wa mwili nikaacha nguvu nje.

Basi nikafuta yote nikaanza kwa mkono: pozi kuu saba, video ikiwa pembeni kama shahidi, na fremu za kati nikizipanga moja moja badala ya kuiachia programu izigawe sawasawa. Magunia niliiachia kompyuta. Niliipa uzito, msuguano na kamba, ikakokotoa mtikisiko vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Kitu kisicho na nia hesabu inakiweza. Mtu anayeamua kusukuma ni lazima umkalie mwenyewe.

Vijana wanaokuja kujifunza huniuliza kwanza kuhusu mashine. Nawatajia Jean-Michel Kibushi, Mkongo mwenzetu, aliyehuisha hadithi ya chura mwaka 1991 kwa vipande vya karatasi, kisha nawapeleka barabarani.

Papa aliitazama sehemu mpya mara mbili.

“Sasa iko nzito,” akasema. Halafu akagusa kioo cha simu kwa kidole: kamba ya nyuma imelegea, mlima kama ule gunia la juu litamwangukia.

Usiku huo nikaikaza.