Kidole cha Karani

Katika nchi yetu ya Nyanza Kusini, ambayo siku hizi imegawanyika ikawa kaunti za Homa Bay na Migori, mtu akitaka kujua serikali ilivyokuwa katika kila zama hana haja ya kupekua majalada ya wakubwa. Na amwendee mama auzaye samaki sokoni, amwulize anatozwa nini, na akishatozwa hupata nini. Nasema hivi kwa kuwa sehemu kubwa ya umri wangu niliimaliza mlangoni mwa masoko hayo, Oyugis, Rongo, Awendo, Sori na mengineyo, nikiwa karani wa ushuru, mfuko wa ngozi begani na kitabu cha stakabadhi mkononi, na swali hilo la pili kina mama wameniuliza mara zisizo na hesabu. Jawabu ndilo lililobadilika.

Mimi ni mzaliwa wa Kendu Bay, mji wa kando ya ziwa ambao Waislamu wa asili mbalimbali walikaa pamoja na Wajaluo tangu siku za meli, na Kiswahili nilikisikia katika chuo cha Kurani kwa mwalimu wetu kabla sijakutana nacho shuleni. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na mkebe wa bati aliohifadhi ndani yake stakabadhi zote za kodi alizopata kulipa, akazipanga kwa miaka na kuzifunga kwa uzi. Na mkebe huo aliuthamini kuliko kitu chochote kilichokuwamo nyumbani, maana usiku askari wakibisha hodi, karatasi ile ndiyo iliyomwokoa mtu na pingu, wala si maneno matamu. Alitusimulia yale aliyoyapokea kwa babu: kwamba kodi ya nyumba ilipoanza kutozwa na Waingereza ilihesabiwa kwa rupia, na asiye na rupia alilazimika kuzifuata mbali, katika mashamba na kazi za watu wengine, kwamba baada ya Vita Vikuu vya kwanza kodi ilipandishwa hadi shilingi 16, watu wakachoka, na mnamo Desemba 1921 wakakutanika huko Lundha, ng'ambo ya ghuba, katika mkutano ulioanzisha harakati za Piny Owacho, ambazo miongoni mwa madai yake kodi ilikuwa mbele, na kwamba hatimaye ilishushwa ikawa shilingi 12. Katika masimulizi hayo yote sikusikia hata mara moja babu akisema kodi ile ilimletea kitu. Ilitoka, ikaenda, basi.

Mambo yalianza kugeuka kwa sheria ya mwaka 1924 iliyounda mabaraza ya wenyeji, ambayo yaliruhusiwa kutoza kiasi chao juu ya kodi ya serikali na kukitumia kwa haja za watu wao. Wilaya yetu wakati huo iliitwa Kavirondo Kusini na makao yake yalikuwa Kisii, na ni kwa michango ya mabaraza kama hayo ndipo ilipojengwa shule ya serikali ya Kisii katika mwaka 1934, ambayo wana wengi wa Kijaluo na wa Kigusii walipata elimu ndani yake. Wazee wa baraza walikuwa chini ya mkono wa Bwana Disii, mkuu wa wilaya, hilo halifichiki. Walakini kwa mara ya kwanza mtu aliweza kusimama mbele ya nyumba ya mawe na kusema kwamba jiwe mojawapo ni lake.

Nami kazi ya ushuru niliingia mwaka wa 1967, ningali kijana, wilaya yetu ikiwa imekwisha kutengana na Kisii tangu 1961 na makao kuhamia Homa Bay. Halmashauri za wilaya wakati ule zilibeba mzigo ambao vijana wa leo hawausadiki: shule za msingi zilikuwa zao, dispensari zilikuwa zao, na barabara za vumbi kutoka lokesheni hadi lokesheni zilikuwa zao pia. Fedha zao zilitoka katika kodi iliyopimwa kwa kadiri ya kipato cha kila mtu, na katika karo, na katika ushuru wa masoko na mazao. Karani mkuu niliyewekwa chini yake alikuwa mzee wa Karachuonyo, mtu wa maneno machache, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa aila yake ingali hai. Alinifundisha kuweka karatasi ya kaboni isihame, kuandika kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, na kuichana nakala ya mteja taratibu ili isiraruke nje ya tundu za mpasuo, kwa sababu, alisema, mama huyu ataikunja hii na kuifunga katika pindo la leso yake, na akiikuta imeraruka ataona umemdharau.

Siku moja mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alimkabili, akamwambia, "Karani, kila soko nakupa, kila soko nakupa. Inaenda wapi?" Mzee hakufanya hasira. Aliinua kidole akamwonyesha paa la bati lililokuwa likimetameta mlimani. "Mama, unaiona ile dispensari? Dresa wake hulipwa na baraza, na baraza ni wewe." Kisha akakigeuza kidole upande wa pili, penye shule, kisha chini mtoni, penye kalvati. Mama yule alinung'unika, lakini alinung'unika kama mtu anayedai chake, wala si kama mtu aliyeporwa.

Sisemi kwamba zama zile zilikuwa za neema. Kodi ile ya kipato ilikimbiwa. Alfajiri wanaume walilala migombani, na wengine walivuka maji kwa mitumbwi, ili wasikutwe na askari wa utawala, ambao wazee bado waliwaita askari kanga. Nakisi ilikuwa kubwa: watoto waliongezeka shuleni upesi kuliko shilingi katika hazina, na katika halmashauri nyingi nchini walimu walikaa miezi pasipo mishahara. Hiyo ndiyo hoja iliyoshikwa na serikali kuu. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1969, mwaka ule ule tulipompoteza Tom Mboya, mwana wa Rusinga, halmashauri za wilaya zilinyang'anywa elimu ya msingi, afya na barabara, na tangu tarehe 1 Januari 1970 vitu hivyo vikawa vya Nairobi. Kodi ile ya kipato nayo ilikwenda huko huko, na baada ya miaka michache ikafutwa, kodi ya mauzo ikiwa imekwisha kuingia mwaka 1973.

Walimu walianza kulipwa, nao walishukuru, na walikuwa na haki ya kushukuru. Lakini sisi makarani tulibaki mlangoni mwa soko na vitabu vile vile. Ushuru haukufutwa, kilichofutwa ni jawabu. Mama wa omena alipouliza, dispensari ilikuwa pale pale mlimani, ila haikuwa yetu tena, na mzee wangu, ambaye hakuwa mtu wa kusema uongo, aliacha kuinua kidole. Alisema tu, "Ni sheria, mama." Neno hilo nami nikalirithi, nikalisema kwa miaka mingi, na kila nikilisema niliona jinsi lilivyo bovu.

Si kwamba mapato hayakuwapo. Kiwanda cha sukari kilifunguliwa Awendo mwishoni mwa miaka ya 1970, na miwa ikatozwa. Samaki aitwaye mbuta akalijaza ziwa katika miaka ya 1980, malori yenye barafu yakateremka hadi ufukweni Muhuru na Mbita kupakia samaki wa kupelekwa ng'ambo, na kila kilo ikatozwa. Lakini zilipoongezwa wilaya, Migori ikatengwa na Homa Bay mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha zikafuata nyingine, kila moja ilitaka halmashauri yake, na kila halmashauri ilitaka madiwani, karani, madereva na tarishi. Ushuru ukawa unakula ushuru: tulikusanya ili tulipwe, na tulilipwa ili tukusanye. Katika halmashauri niliyoitumikia mwishoni, mishahara yetu wenyewe ilichelewa hata tukakopa unga kwa wale wale tuliowatoza asubuhi. Sheria ya mwaka 1998 iliyozipa halmashauri asilimia 5 ya kodi ya mapato ya taifa iliziba tundu moja au mawili, nami nikastaafu.

Ndipo ikaja Katiba ya 2010, na uchaguzi wa Machi 2013, na magavana wetu wa kwanza, Cyprian Awiti huko Homa Bay na Okoth Obado huko Migori. Dispensari zilirudi kwetu, na hospitali kubwa pamoja nazo, na barabara za ndani, na maji. Laiti mzee wangu angaliishi akayaona! Watu wa rika langu tulifurahi kupita kiasi, maana tulidhani kwamba mambo yamerudi kama yalivyokuwa kabla ya 1970, ilhali hayakurudi hivyo. Huduma zilirudi, kodi ya kuzigharimia haikurudi. Kaunti ikaruhusiwa kodi za ardhi na majengo, kodi za burudani, na ada za huduma zake, na vilivyosalia vyote hungojwa kutoka Hazina Kuu. Katika miaka ya karibuni Homa Bay na Migori zimepata kila moja takribani shilingi bilioni 8 kwa mwaka katika mgao huo, ilhali mapato ya ndani katika miaka mingi hayakufikia hata bilioni moja. Kwa hiyo mgao ukichelewa miezi miwili Nairobi, mtungi wa oksijeni unachelewa Suna na mshahara wa muuguzi unachelewa Ndhiwa. Na mgao ukipunguzwa, kama ulivyopunguzwa baada ya Mswada wa Fedha kukataliwa Juni 2024, ukashuka kutoka bilioni 400.1 hadi bilioni 387.4 kwa kaunti zote, bajeti iliyokwisha kupitishwa hutolewa tena kabatini na kukatwa. Fauka ya hayo, pwani hizi za ziwa, ambazo zimeumizwa na ukimwi kuliko sehemu nyingi za Kenya, zilitegemea sana fedha za Marekani kwa matibabu, na fedha hizo ziliposimamishwa Januari 2025 pengo jingine lilifunguka ambalo hakuna ushuru wa soko unaoweza kuliziba.

Wakubwa wa kaunti wamelitambua hilo, wakajitahidi kukusanya zaidi. Vitabu vya kaboni vimekwisha. Mtozaji wa leo ni kijana mwenye kizibao kinachong'aa na mashine ndogo mkononi. Hubonyeza, karatasi inatoka, na malipo huingia kwa simu pasipo kupita kiganjani mwa mtu. Kwa kuziba mianya ya wizi sioni lililo bora kuliko hilo, na mapato yamepanda. Nimeziangalia hata hivyo zile karatasi: joto la jua likizipiga, wino hufifia, na baada ya majuma machache mama hubaki na kikaratasi cheupe. Baba yangu asingalikuwa na la kuweka mkebeni.

Lakini lililo zito kuliko karatasi ni chanzo chenyewe cha nyongeza hiyo. Katika kaunti nyingi za Kenya fungu kubwa la mapato ya ndani ni ada za hospitali, na husomwa katika taarifa pamoja na ushuru wa soko na ada za leseni, kwa sauti ile ile ya furaha. Rai yangu ni kwamba hili halifai. Aliyefungua duka amejipatia riziki, na ni insafu achangie. Aliyemleta mtoto mwenye malaria kali hakujipatia kitu, amepatwa. Mapato ya hospitali yakipanda kwa sababu dawa zipo na watu wamerudi kutibiwa, alhamdulillahi. Yakipanda kwa sababu kila mlango umewekewa bei, basi tumeyatoza maradhi kodi, nayo ni kodi ambayo masikini hulipa mara nyingi kuliko tajiri. Taarifa zinazotolewa hazituwezeshi kutofautisha haya mawili, nazo zilipaswa kutuwezesha kabla ya mtu yeyote kupigiwa makofi.

Hivi karibuni nilihudhuria kikao cha kukusanya maoni ya wananchi juu ya mswada wa fedha, katika mojawapo ya kaunti hizi mbili. Afisa kijana alisoma mabilioni na asilimia kwa ustadi. Alipomaliza, mama mmoja muuza omena aliinuka, akasema, "Mwanangu, hayo makubwa nimeyasikia. Mimi natoa hamsini kila siku ya soko, na choo cha soko kimefungwa tangu Pasaka. Hamsini yangu iko ukurasa gani?" Kijana alimjibu kwa adabu kwamba fedha zote za kaunti, kwa mujibu wa Katiba, huingia katika mfuko mmoja, na zikishaingia haziwezi kufuatwa moja moja. Alisema kweli, ila si yote.

Lakini mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya kuziruhusu hospitali na vituo vya afya kubaki na fedha vinazokusanya, vizitumie pale pale kwa dawa na matengenezo, na sheria hiyo haikuivunja Katiba, wala mfuko wa kaunti haukupasuka. Iwapo shilingi ya mgonjwa iliweza kutengewa njia ya kubaki hospitalini, bunge la kaunti yetu, liwe la Homa Bay au la Migori, laweza kutunga sheria ya kwamba sehemu iliyotajwa ya ushuru wa kila soko ibaki katika soko hilo, kwa maji, taa na choo, na kwamba kila robo mwaka ubandikwe mlangoni ubao wenye kiasi kilichotozwa hapo na kiasi kilichotumika hapo, kwa Kijaluo, kwa Kikuria kule Isebania, na kwa Kiswahili. Haya ndiyo niliyoyaandika katika karatasi ya maoni niliyowakabidhi siku ile, nikatia sahihi yangu, na nikataka wanipe nakala iliyopigwa muhuri.