Dakika 45 Angani, Siku Tatu kwa Mama

Ukinyoosha mstari kutoka Bukoba hadi Mwanza, juu ya Ziwa Victoria, utapata takriban kilomita 175. Ndege huumaliza umbali huo kwa muda wa dakika 45 hivi. Kwa sisi tuliozaliwa Muleba kisha tukahamia Mwanza kutafuta riziki, hiyo ni neema ya Mwenyezi Mungu.

Wazee wetu waliijua safari hiyo kwa sura nyingine. Marehemu baba alipanda meli Mwanza jioni, akalala majini, akateremka bandari ya Kemondo asubuhi, kisha akatafuta gari la kumfikisha Muleba. Waliopita nchi kavu walizunguka kwa njia ya Geita, wakisubiri kivuko pale Busisi, hadi daraja la kilomita 3 lilipofunguliwa Juni 2025. Kwa kuwa njia ilikuwa ndefu, hapana aliyefika akalala usiku mmoja. Baba alikaa wiki nzima, akipalilia migomba, akizuru wagonjwa na kuswali pamoja na jamaa zake.

Leo mtoto hutua Bukoba asubuhi, hushika barabara ya Muleba, hula ndizi alizopikiwa na mama huku akitazama saa, na kesho yake yumo angani. Wengine hawaji kabisa, kwa hoja kwamba ni karibu na watakuja wakati wowote. Wakati huo aghalabu huwa siku ya msiba. Nasi Waislamu huharakisha maziko; hata ndege ya dakika 45 huweza kumfikisha mtu kaburi likiwa limekwisha kufukiwa.

Katika madhehebu ya Shafi, kinachotazamwa katika kupunguza Swala ni umbali wa safari, takriban kilomita 80 na zaidi, wala si uzito wa taabu yake. Aliyevuka ziwa kwa ndege ni msafiri sawa na aliyekesha melini. Ikiwa Sharia yaihesabu safari hiyo kuwa safari kamili, vipi sisi tuifanye kama kwenda sokoni na kurudi?

Mama aliwahi kuniuliza, "Mwanangu, hiyo ndege ikuletayo upesi, mbona na kukuondoa hukuondoa upesi?"

Baada ya hapo tulikaa kikao, ndugu wanne, tukagawana miezi ya mwaka. Anayefika zamu yake hulala kwa mama siku zisizopungua tatu. Asiye na nauli ya ndege hupanda basi au meli, kwani kuunga udugu hakukuwekewa sharti la chombo. Muda tunaouokoa angani tumeona ni haki ya mama.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi waliotangulia, na awape waliosalia umri wenye kheri. Amin.