Namba za Wodini ni Zetu

Nimestaafu, na vijana niliowaacha kazini bado wanabishana kama nilikuwa muuguzi au mtu wa kompyuta. Nilikuwa muuguzi. Nilizaliwa Muheza, nikasomea uuguzi Tanga, nikapangiwa kituo cha afya kijijini. Kazi yenyewe nilifundishwa na muuguzi mfawidhi wa pale.

MTUHA, mfumo wa wizara wa kuandika taarifa za huduma za afya vitabuni, ulipoanza miaka ya 1990, wengi waliona vile vitabu ni mzigo wa wizara. Mfawidhi wetu alivifanya darasa. Kila mwisho wa mwezi alitukalisha kwenye benchi, akafungua Kitabu namba 12, cha wodi ya wazazi, akasoma mstari kwa mstari huku mmoja wetu akipiga vistari: vinne wima, cha tano kinavikata. Akifika kwa mtoto aliyezaliwa mfu, alisimama. Nani alikuwa zamu? Mama alifika saa ngapi? Mapigo ya moyo wa mtoto yalisikilizwa mara ya mwisho lini? Tukishajibu ndipo alipotia saini ripoti.

Baadaye ikaja DHIS2, mfumo wa kompyuta wa taarifa za afya unaoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na kufikia 2014 ulikuwa umeenea nchi nzima. Niliupokea kwa mikono miwili. Kuona mwenendo wa mwaka mzima kwa mara moja ni jambo kubwa. Ugomvi wangu ulikuwa na mkubwa mmoja wa wilaya. Alisifu vituo vilivyowahisha ripoti, akaagiza wauguzi tuwaachie namba watu wa TEHAMA. Nilimwambia kikaoni: mfumo unaweza kukataa kisanduku kilichoachwa wazi, lakini hautajua kwamba mtoto aliyeandikwa mfu alipumua kidogo kabla ya kufariki. Akajibu kuwa hayo ni mambo ya wodini. Naam, ni ya wodini, ndiyo maana namba ni zetu. Hadi leo sijabadili msimamo.

Nyinyi mnaoingia kazini na vishikwambi, msikubali kuitwa makarani wa data, wala msione haya kujifunza mfumo hadi ndani. Fundi wa TEHAMA ni mwenzenu. Mwiteni wodini aone mnachokihesabu. Na wewe uliyepewa ufawidhi, usitie saini ripoti ambayo hujaisoma pamoja na waliokuwa zamu. Kiongozi asiyeisoma nao anatuma tarakimu tu, na kina mama wataendelea kupoteza watoto kwa sababu zilezile.