Sijafika

Kwa zaidi ya miaka 30 niliyofundisha Kiswahili katika shule za sekondari, somo la tanakali sauti nililimaliza kwa kipindi kimoja. Jiwe limeanguka majini chubwi, mtu ameanguka chini puu, maji yamemwagika mwaa. Nilipofika kwenye treni, niliandika ubaoni: chuku-chuku-chuku. Wanafunzi walinakili. Wengi wao walikuwa watoto wa Iringa na vijiji vyake, ambako reli haikufika, na hawakuwa na sababu ya kunibishia. Mimi niliyekulia kando ya reli Tabora nilijua kwamba nimeandika uongo, lakini kengele ilikuwa karibu kulia na mtaala ulikuwa mrefu.

Uongo ule ulinirudia mwaka huu, hapa nyumbani Ipogolo.

Mjukuu wangu amemaliza kidato cha sita na anasubiri matokeo. Siku nzima yuko mbele ya kompyuta, akiendesha treni. Anatumia programu ya bure iitwayo Open Rails, inayoweza kuendesha modeli zilizotengenezwa kwa ajili ya mchezo wa zamani wa mwaka 2001, Microsoft Train Simulator. Jioni moja aliniita. "Bibi, wewe si ulisema babu mkuu alifanya kazi kwenye treni za mvuke? Njoo usikilize hii. Naona haiko sawa, ila sijui kasoro iko wapi."

Nilivaa miwani nikakaa. Kwenye kioo ilikuwa Garratt ya daraja la 59, mali ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Injini hizo zilikuwa 34, zilizoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester katika miaka ya 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 250, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mjukuu wangu alikuwa amechagua iitwayo Mount Rungwe, kwa kuwa ndio mlima wa upande wetu. Nilicheka kidogo. Injini za daraja lile kazi yake kubwa ilikuwa kati ya Mombasa na Nairobi, na Warungwe wenyewe hawakupata reli jirani hadi TAZARA ilipokamilika katikati ya miaka ya 1970, nayo ilianza moja kwa moja na injini za dizeli. Mlima wetu ulivuta mabehewa ya wenzetu, na sisi hatukuwahi kuisikia pumzi yake.

Akaiwasha. Treni ikaondoka: cha-cha-cha-cha, kila pigo sawasawa na jingine kama matone ya bomba bovu. Kasi ilipoongezeka, sauti ikawa nyembamba zaidi na zaidi, hadi injini ya tani 250 ikalia kama kifaranga.

"Haina mtu ndani," nikasema.

Aliniangalia kwa heshima, lakini niliona hakuelewa. "Bibi, programu haielewi maneno hayo. Niambie kitu ninachoweza kukibadilisha."

Hapo ndipo nilipolazimika kufanya kazi niliyoikwepa darasani.

Baba yangu alikuwa msaidizi wa dereva wa injini za mvuke katika Reli ya Kati. Yeye ndiye aliyeangalia moto na maji. Alipokuwa likizo alitukalisha uani akatueleza kwamba injini inapumua. Mvuke ukishamaliza kuisukuma pistoni hutoka kwa nguvu kupitia dohani, na unapotoka huvuta hewa mpya ipite kwenye moto. Kwa hiyo kila pigo tunalolisikia ni pumzi inayotoka, na ndiyo inayouchochea moto wa pumzi inayofuata. Injini yenye silinda mbili hutoa mapigo manne kila gurudumu linapozunguka mara moja, kwa sababu kila silinda husukumwa mbele na nyuma.

Mapigo manne, watoto, alisema, ni neno moja la Kiswahili. Akipanda mlima kutoka Saranda kuelekea Manyoni, injini ilisema: sijafika, sijafika, sijafika. Akiingia stesheni na mvuke mdogo, ilisema: nimefika, nimefika, nimefika.

Nilimwimbia mjukuu wangu maneno hayo, naye akanyamaza. Kisha akaniomba nirudie, huku akigonga meza kwa kidole. "Bibi, mbona pigo la tatu unalitia nguvu?"

Nilitaka kumwambia kwamba silitii mimi, ni lugha. Mkazo katika Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: si-ja-FI-ka. Lakini nilikumbuka kwamba baba naye alikuwa na maelezo yake. Injini ambayo vali zake hazikurekebishwa sawasawa huchechemea. Pigo moja huwa zito kuliko mengine. Mafundi waliichukia kasoro ile, lakini watu wa kwenye injini waliitambua treni kwa mchechemeo wake ikiwa bado mbali, kama unavyomtambua jirani kwa hatua zake gizani. Baba aliisikia ile ya kwao ikichechemea kwenye pigo la tatu, na neno alilolichagua lilikuwa na mkazo mahali palepale.

Mjukuu wangu alinifungulia faili la sauti. Kumbe ni maandishi tu: sauti ipi ipigwe, lini, kwa nguvu gani, na ibadilike vipi kadiri kasi inavyobadilika. Mtengenezaji alikuwa ametumia kipande kimoja cha pumzi, akakirudia. Kasi ikipanda, programu ilikibana kipande kilekile, na ndiyo maana kilikuwa chembamba. Nikamwambia kwamba dohani haipungui upana kwa sababu treni imeongeza kasi. Mapigo yakaribiane, lakini kila pigo libaki na unene wake.

Tulifanya hesabu pamoja. Magurudumu ya kusukumia ya daraja la 59 yalikuwa na kipenyo cha takriban mita 1.37, kwa hiyo mzunguko mmoja ni kama mita 4.3. Kwa kasi ya kilomita 15 kwa saa, gurudumu linazunguka karibu mara moja kwa sekunde. Sekunde moja, sijafika moja. Mizunguko minne, mizani 16, mshororo kamili wa shairi. Kwa kilomita 60 kwa saa mapigo yanapita 15 kwa sekunde, na hapo ulimi hauwezi tena kuyafuata; yanakuwa mvumo.

Akatafuta vipande vinne tofauti badala ya kimoja. Cha tatu akakiongezea uzito. Kwa kuwa Garratt ina jozi mbili za injini chini ya boila moja, ya mbele na ya nyuma, aliweka mikondo miwili ya sauti na kuacha wa nyuma ukimbie kwa tofauti ndogo mno. Zikaanza kupishana na kukutana, kukutana na kupishana, jinsi injini zile zilivyofanya kweli, kwani magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaliki sawa na hayatelezi pamoja. Baba alikuwa akisema ndugu wawili wanagombana na kupatana.

Tulibishana juu ya koleo. Mchezo ulikuwa na mlio wa koleo likikwangua makaa ya mawe, kwa kuwa waliorekodi walirekodi treni za kwao Uingereza. Mjukuu wangu aliupenda mlio ule. Nikamwambia auondoe. Injini za daraja la 59 zilichoma mafuta mazito, na hata baba sikuwahi kumwona na koleo. Kazi yake ilikuwa kurekebisha vali ya mafuta na kuutazama moshi. Moto wa mafuta huvuma. Nikaenda jikoni nikaleta jiko langu la zamani la pampu, la mafuta ya taa, nikaliwasha uani. Akaweka simu karibu, akarekodi. Akaushusha mvumo ule uwe mzito, akautia ndani ya tanuri la Mount Rungwe. Pumzi ya breki za upepo hatukuitafuta mbali. Malori yaendayo Zambia na Kongo yanapita hapa Ipogolo usiku na mchana, na alisimama barabarani akaikusanya.

Lakini na mimi nilikosea, na ni haki niseme. Nilishikilia kwamba sauti ya dohani iwe kali, ipasue kama mjeledi, kwa kuwa ndivyo ninavyoikumbuka Tabora. Mjukuu wangu akanionyesha picha. Dohani ya daraja la 59 ilikuwa nyembamba na bapa, kwa sababu injini zile zilifungwa kifaa cha kutolea mvuke kilichobuniwa na mhandisi wa Austria, Giesl, ambacho huupitisha mvuke kwenye matundu kadhaa yaliyopangwa mstari. Hulainisha pigo. "Bibi, unayoikumbuka ni injini nyingine." Ilikuwa kweli. Nilikuwa nikimvika Rungwe sauti ya Tabora. Tukalilainisha pigo, nami nikakubali kwamba kumbukumbu nzuri yaweza kuwa kumbukumbu ya kitu kingine.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko vyote, na ndicho kilichonifanya niandike makala haya.

Treni ya mjukuu wangu sasa ilikuwa na mwendo mzuri. Lakini ilipanda mlima na kuingia stesheni kwa sauti ileile. Kilichobadilika ni kasi tu. Nilimwambia hatujamaliza: bado haijui kama imefika au haijafika. Akaniuliza tofauti ni nini. Nikafungua kinywa nimjibu kama mwalimu, nikakosa la kusema. Kwa mizani hakuna tofauti. Sijafika ni silabi nne, nimefika ni silabi nne, mkazo ni mahali pamoja.

Jambo hili nilikuwa nikilijua tangu zamani, kwa namna nyingine. Kelele za injini zilimmaliza baba masikio. Miaka yake ya mwisho hakusikia hata ukipiga kelele. Nilipokuwa nikienda kumtazama nilishika kiganja chake na kukigonga kwa kidole: pigo, pigo, pigo zito, pigo. Alitabasamu. Ilikuwa salamu yetu. Siku ya mwisho niliyokaa naye, nilimgonga, naye, kwa mara ya kwanza, akanijibu. Alikigonga kiganja changu mara nne, la tatu zito. Kidole hakina maneno. Nimeishi miaka mingi bila kujua kama aliniambia sijafika au nimefika.

Sikumweleza mjukuu wangu hayo usiku ule. Nilimwambia tu kwamba tofauti iko katika uzito wa pumzi. Injini inayopanda hutumia mvuke mwingi kwa kila pigo hata kama inatambaa. Inayoingia stesheni hutumia kidogo hata kama bado ina mwendo. Kwa hiyo asiifungamanishe nguvu ya sauti na kasi. Aifungamanishe na mvuke. Akasema programu inayo hesabu ya mvuke, kumbe haikutumiwa na aliyetengeneza sauti zile. Akakesha.

Asubuhi aliniita kabla ya chai. Alifunga mlango ili malori yasituvuruge, akaipandisha Mount Rungwe mlimani na mabehewa mengi nyuma yake. Ilikwenda polepole, kwa pumzi nzito, lile la tatu likiegemea. Nilijikuta midomo inacheza. Kisha ukingo ukaisha, akapunguza mvuke, na pumzi ikawa nyepesi, mapigo yaleyale, mkazo uleule. Hakuna aliyeniambia, lakini nilisikia neno limebadilika.

Nilitazama kiganja changu. Nilijaribu kukumbuka uzito wa kile kidole: kilibonyeza, au kiligusa tu? Nadhani kiligusa tu. Siwezi kuapa, lakini kwa mara ya kwanza nina njia ya kulifikiria swali lile.

Wapenzi wa lugha, kama ningerudi darasani ningefuta chuku-chuku ubaoni na kuwauliza wanafunzi: nyumbani kwenu treni, mashine ya kusaga, mtumbwi wa injini, vinasema neno gani, na mkazo uko wapi? Wazee waliozisikia injini za mvuke zikifanya kazi wanapungua kila mwaka. Kama unaye mmoja, muulize treni ya kwao ilisema nini ikipanda, na ilisema nini ikifika. Andika majibu yote mawili.