Hesabu za Machungwa ya Muheza

Basi halijafika Chalinze, ubishi wetu ulikuwa umeshapamba moto. Sisi ni watafiti vijana na kila mtu ana fani yake: mwanasaikolojia, mchumi, mwalimu wa hisabati anayesomea uzamivu, na mimi wa isimu. Sote tunataka kujua mtu anajifunzaje. Hiyo ilikuwa safari yetu ya kwanza kutoka pamoja, na tulikuwa tunaelekea Muheza, mkoani Tanga, kwa wauza machungwa.

Wazo lilizaliwa mbali. Mwaka 1985 Terezinha Carraher na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto watano wa Recife, Brazili, waliokuwa wakiuza nazi na bidhaa nyingine. Penye biashara walipatia asilimia 98 ya hesabu. Hesabu hizo hizo zilipowekwa kwenye karatasi, namba tupu, walipatia asilimia 37. Mchumi alisema watoto watano ni wachache mno. Mwanasaikolojia akataka maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule, kwa kila mtoto. Mimi niliomba tusikilize kwanza.

Muheza wauzaji walilikimbilia basi, nyavu za machungwa zikipandishwa mpaka madirishani. Tulishuka. Kwenye kibanda kando ya barabara tulimkuta mama mmoja na binti yake wa darasa la tano. Tukawaamkia, tukajieleza, tukaomba ridhaa ya wote wawili.

"Wanangu, mmetoka Dar kuja kuniuliza bei?" mama alicheka, akatusogezea benchi.

Chungwa moja lilikuwa shilingi 150. Mchumi akataka saba. Binti akaanza kuyatoa mawili mawili kwenye meza: "Mia tatu, mia sita, mia tisa..." Akaongeza la mwisho. "Elfu moja na hamsini." Hakusita hata kidogo.

Baadaye mwalimu alimpa daftari, 150 mara 7. Binti akainamia kalamu. Saba mara sifuri, akaandika 0. Saba mara tano, akaiweka 35 yote kushoto kwa sifuri. Saba mara moja, akaweka 7. Jibu likawa 7350, akalirudisha daftari kwa adabu.

Hapo ndipo nilipoona faida ya kusafiri na watu wasiofikiri kama mimi. Mwalimu aliona mtoto anayejua jedwali la saba vizuri lakini thamani ya nafasi haijamkaa. Mwanasaikolojia alishangaa kwamba 7350 haikumshtua, ilhali muda mfupi tu alikuwa ametaja 1050 kwa machungwa yale yale. Mchumi akasema kibandani kosa linakula mtaji wa mama, kwenye daftari halili kitu. Mimi nilikuwa nimesikia mdomo na mkono vikienda pamoja: kila jozi ya machungwa na hesabu yake, na kwenye karatasi mkono ule haukuwa na cha kushika. Peke yangu ningeandika makala nzima juu ya jozi zile, na nisingeigusa ile 35.

Mwalimu hakutaka tuondoke tukilisifu soko na kulibeza darasa. Alikuwa na hoja. Mwaka 2025 Abhijit Banerjee, Esther Duflo na Elizabeth Spelke, wachumi wawili na mwanasaikolojia, pamoja na wenzao, walichapisha utafiti wa masoko ya Kolkata na Delhi. Watoto wauzaji walikwama kwenye hesabu za shule, lakini wanafunzi wasiouza nao walikwama kwenye hesabu za sokoni. Kila upande ujuzi wake ulibaki ulikozaliwa.

Tulipofika Tanga tuliufumua mpango wetu. Mtoto ataanza na machungwa mkononi, kisha ataandika hesabu yake mwenyewe kwa njia anayoijua, jozi kwa jozi, ndipo mwalimu amwonyeshe njia ya shule kando ya ile ya kwake. Mchumi amepata idadi anayoitaka ya watoto, mwanasaikolojia mpangilio wake, nami kinasa sauti changu. Wakati wa kuagana mama alikuwa ametuuliza kwa nini mwanawe anapata alama za chini za hisabati wakati kibanda kizima kinamtegemea. Swali hilo ndilo la kwanza kwenye mpango mpya, na majibu ataletewa yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.